Kahawa Iliyolala Ndani ya Sanda

Kahawa haitaki kulala na harufu ya kitu kingine. Nimeanza na hilo ili mwenye haraka alichukue aende zake. Mwenye nafasi akae nimweleze nililijuaje, maana sikulisoma popote, na nililipata kwa aibu mbele za watu.

Kusoma kwenyewe sikusoma. Chuo cha Kurani nilifika juzuu Amma nikaacha. Shule ya Wareno nilikaa msimu mmoja, nikajua kuandika jina langu na kuitika nikiitwa, nikaona imetosha. Mengine yote nimeyatoa kwenye mikono hii: nyumba ya mabati, duka, na watoto saba ambao wamesoma hata ile sehemu yangu. Kwa hiyo mtu akija na mkebe wa kahawa ile ya kukoroga kwenye maji, akaniambia ndiyo ya kisasa, namwambia anywe mwenyewe.

Miaka ile ya vita Wareno walivikusanya vijiji vitatu vya pwani upande wa Palma, wakavifanya kimoja, wakatuzungushia waya. Walisema wanatulinda na watu wa msituni. Watu wa msituni walikuwa wadogo zetu na wajomba zetu, lakini hakuna aliyetuuliza. Nyumba zilibanana mpaka jirani akipiga chafya unamwombea dua ukiwa kitandani kwako. Kisima cha ndani ya waya kilikuwa cha maji ya chumvichumvi. Kisima cha maji baridi kilibaki nje, na lango likifunguliwa asubuhi na alasiri, basi.

Kahawa yetu ilikuwa ikitoka ng'ambo ya Ruvuma, na njia ile ilifungwa. Msimu wa kwanza tulivumilia. Msimu wa pili watu wakaanza kukaanga kila kilichokubali kukaangwa. Mahindi yalikuwa na nafuu, ukinywa unashiba. Mbegu za ubuyu zilitoa moshi tu. Mbegu za bamia zilikuwa nyeusi kabisa, rangi ya kahawa hasa, na ladha ya kamba iliyoungua.

Kijijini alikuwako mwalimu wa chuo, mzee aliyefiwa na mke, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanaume. Kazi ile wakati wa vita haikumpa mapumziko. Kila alasiri alikaa barazani kwake akaletewa kikombe cha mahindi au cha bamia, akavuta funda moja, akasema, "Alhamdulillahi, maji ya moto," akakiweka chini.

Mwalimu huyo alikuwa na binti ambaye mume wake wa kwanza alimwacha. Wengine walisema aliachwa kwa sababu ya ulimi. Mimi nilikuwa nikimwona kwenye foleni ya kisima akiwapanga wanawake wenzake kama mizigo, nikasema moyoni, huyo ndiye. Lakini posa tatu zilikwishafika pale zikarudi. Mwisho Mwalimu alitangaza mbele ya watu, baada ya sala ya Ijumaa:

"Doti za kanga sizitaki, na fedha siku hizi haina cha kununua. Anayemtaka binti yangu aniletee kahawa ambayo nikiinywa sitauliza ni kitu gani."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa mkata kuni wa kambi ya Wareno, na ndani ya kambi ile mlikuwa na magunia ya kahawa mbichi.

Mpishi wa kambi alikuwa Mmakua wa kusini, ameletwa kwetu bila kupenda, na alikuwa akililia pweza. Mimi kila bamvu, maji yakikauka sana, nilikuwa na ruhusa ya kushuka mwambani. Tukaelewana: pweza watatu, kibaba kimoja cha buni, ile kahawa mbichi. Nilipopata vibaba viwili alinishika bega.

"Iache mbichi," akasema. "Kaanga ya siku moja tu, utwange ya siku moja tu."

Nikamwambia mimi mtu wa pwani, babu zangu walikunywa kahawa babu zake wakiwa bado wanaitafutia jina.

"Haya, mtu wa pwani," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Siku ile ile nikachukua kaango la mama yangu nikakaanga vibaba vyote viwili. Harufu ikatembea kijiji kizima. Watu waliokuwa na ugomvi na mama wakaja kumjulia hali. Nikatwanga yote, ikawa unga laini, nikajisifu mwenyewe. Ndipo hofu ikanishika. Mkata kuni kukutwa na kahawa ya kambi nyumbani kwake, hizo zilikuwa bakora, na kazi basi. Na wakati huo nyumba zilipekuliwa wakati wowote, wakitafuta chakula na nguo za kupelekwa msituni.

Nyumbani kwetu palikuwa na kasha moja lenye kufuli, la mama. Humo aliweka sanda yake. Nguo nyeupe ilikuwa adimu na yeye alikuwa na hofu ya kuzikwa na gunia, kwa hiyo aliinunua mapema, akaikunja pamoja na vipande vya kafuri, kama tunavyofanya, akaifungia. Nikafikiri: nani atafunua sanda? Mama alipokwenda kisimani nikachukua ufunguo alikouficha, nikaufunga unga wa kahawa kwenye kitambaa, nikauviringisha katikati ya ile sanda, nikarudisha kila kitu mahali pake. Nilijiona nina akili kuliko gavana.

Na kwa upande wa askari, nilikuwa nayo. Siku ya tatu wakaja Mreno mmoja kijana na sipai wawili, wale askari weusi wa serikali. Sipai mmoja akafungua kasha, akaona nguo nyeupe, ikampiga harufu, akafunga taratibu.

"Kitu gani?" Mreno akauliza.

"Nguo ya kuzikiwa, senyori."

"Nani amekufa?"

"Bado. Ni ya huyu mama."

Mreno akamtazama mama yangu, aliyekuwa amekaa anachagua choroko, ana afya yake, akajipigia alama ya msalaba akatoka. Hakupekua hata jikoni.

Posa haipelekwi na mwenyewe. Nilimwita mjomba wangu kutoka Quiterajo, na kupata karatasi ya kumruhusu kusafiri kulichukua siku kumi na nane. Kahawa ikalala na kafuri siku zote hizo. Alipofika na karatasi yake ya siku kumi, nikamwambia twende leo leo. Lango lilikuwa limefungwa tena nyuma yake, nikachota maji ya kisima cha ndani, nikachemsha kwenye dele, lile birika la kahawa, nikatia tangawizi, nikalifunga dele kwa kanga ya mama lisipoe, tukaenda. Sikuonja. Kwetu kinywaji cha mkubwa mdogo hakionji. Na pua yangu ilikuwa imelelewa nyumba moja na lile kasha, haikusikia kitu.

Mwalimu alipokea kikombe kwa mikono miwili. Akapuliza, akavuta funda, akatulia. Akaweka kikombe chini akanusa vidole vyake.

"Mniwie radhi," akasema. "Jana niliosha maiti."

Akaomba maji na sabuni, akanawa mpaka kwenye viwiko. Akarudi, akakaa, akavuta funda la pili.

"Si mikono," akasema.

Mjomba wangu naye akaonja yake. Nilimwona macho yanamtoka machozi, lakini alikuwa mtu wa kusimama na wake.

"Hii kahawa ina dawa ndani, Mwalimu. Inafungua kifua."

"Inafungua kaburi, shehe wangu." Mwalimu akanigeukia. "Kijana, nani amefariki kwenu?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi anayengojewa ni mimi."

"Hapana, Mwalimu."

"Kahawa hii ililala wapi?"

Kudanganya ningeweza. Lakini mzee yule alikuwa ameshika harufu ile ya kafuri kwa miaka thelathini, ungemdanganya nini.

"Ndani ya sanda ya mama yangu."

Ndani ya nyumba mtu alicheka, mwanamke, kisha akajifanya anakohoa. Mwalimu hakucheka. Alimwaga kikombe chake kwenye mchanga, pole pole, akasema, "Posa imerudi," akaingia ndani.

Nyumbani mama alitungoja mlangoni. Nikamweleza yote. Akaenda kwenye kasha, akatoa sanda, akaikunjua, akaweka pua.

"Umenifanyia nini wewe?" akasema. "Nitakwenda mbele ya Mola nanuka kama muuza kahawa. Malaika wakija kaburini wataniuliza dini yangu, au wataomba kikombe?"

"Nitaifua, mama."

"Utaifua mara saba."

Asubuhi yake nikaifua mara saba. Nikaitandaza uani juu ya kamba, nikaenda kambini kukata kuni. Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi kuliko kwenye kahawa. Yeyote mwenye akili anajua sanda haianikwi uani.

Jirani alichungulia juu ya ua, akaona sanda. Niliporudi kabla ya adhuhuri nilikuta wanawake kumi na zaidi wamejitanda kanga vichwani, wanalia, na mama yangu amesimama mlangoni anawauliza kulikoni.

"Nani amefariki?"

"Wewe, mama," mmoja akajibu, bado ana kwikwi.

Mwingine alikuja na sinia la unga kwa ajili ya matanga. Mama aliupokea unga.

Nilikuwa sijamaliza kueleza, nikaona Mwalimu anaingia uani, na nyuma yake wanaume wanne wamebeba jeneza la msikiti. Wakasimama. Mama akawatazama.

"Lirudisheni," akasema. "Sijalihitaji."

Mwalimu akatazama sanda kwenye kamba, akanitazama mimi, akamtazama mama. Akakaa kwenye ukingo wa jeneza. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Watu walisema baadaye kwamba tangu afiwe na mkewe hawajamwona hivyo. Kila akinyamaza anaitazama ile sanda, anaanza tena.

Mama hakuiacha nafasi ile ipite.

"Mwalimu, umekuja kunizika, kwa hiyo lazima unisikilize. Mwanangu ni mjinga, hilo sote tumeliona. Lakini aliulizwa akasema kweli. Mpe mara ya pili."

"Mama, na hiyo mara ya pili ataiweka wapi? Chini ya jeneza?"

"Mpe."

Mwalimu akajifuta macho. "Siku saba. Kahawa inuke kahawa. Posa ikirudi tena, basi asinisogelee mpaka siku yangu ya kuoshwa."

Siku saba zilikuwa nyingi kwa mtu mwenye buni. Mimi sikuwa nayo. Mpishi wa kambi alisema wamehesabu magunia, hatoi tena hata punje. Karatasi ya mjomba ilikuwa imebaki na siku nane, na bila mjomba posa haina mdomo. Nilikaa uani natazama mchanga.

Wanawake walikuwa wakitoka mmoja mmoja. Wa mwisho alisimama nyuma ya kiambaza cha jiko, kanga mpaka puani. Binti wa Mwalimu.

"Wewe," akasema. "Uliikaanga yote siku moja?"

"Yote."

"Na kutwanga?"

"Yote."

"Basi hata bila sanda ilikuwa maiti. Unga wa kahawa siku ya tatu ushakuwa vumbi. Na maji?"

"Ya kisima cha ndani."

Akakunja vidole vitatu, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu dhambi za mwenziwe.

"Buni iko," akasema. "Usiniulize wapi. Siku ya sita baba anakwenda kwenye hitima kijiji cha jirani, anarudi alasiri. Njoo na mama yako, na makaa, na maji ya kisima cha nje. Utakaanga wewe. Sitaki baba aseme nimejipikia ndoa yangu."

Siku ile nilikuwa langoni kabla ya kufunguliwa. Mlinzi aliingiza mkono wake kwenye ndoo yangu kuona kama nimeficha risasi. Nikaimwaga mbele yake nikarudi kuchota nyingine. Aliniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia ni maji ya kuolea, akaniacha.

Binti alikaa ndani na mama yangu, mimi uani, kati yetu kiambaza cha makuti. Buni ilipitishwa chini ya kiambaza kwenye kisahani, viganja viwili tu. Niliinusa. Haikunuka kitu, ila majani makavu kidogo. Baadaye sana ndipo alinieleza: kahawa mbichi, chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto ikakaushwa juani siku mbili, kizibo, nta ya nyuki juu ya kizibo, kisha chupa inazikwa kwenye majivu makavu mahali pasipo jua wala moshi. Hivyo inangoja miaka. Siku ile hakunieleza lolote zaidi ya kunitukana.

"Moto wako mkubwa."

"Umeuonaje na wewe uko ndani?"

"Nausikia. Punguza makaa. Koroga."

Nikakoroga.

"Usisimame. Ukisimama upande mmoja unaungua na mwingine mbichi, kama wewe mwenyewe."

Mama yangu alicheka. Nilimsikia vizuri kabisa, yule niliyemfulia sanda mara saba.

Punje zikageuka manjano, zikawa rangi ya mdalasini, zikaanza kupasuka, ta, ta, ta. Nikataka kuziacha ziwe nyeusi, maana mbegu za bamia zilikuwa zimetuzoesha kwamba kahawa ni weusi.

"Toa," akasema.

"Bado."

"Toa sasa hivi. Unataka kahawa au mkaa?"

Nikazitoa, nikazipepeta kwenye ungo zipoe upesi. Akanikataza kutwanga mpaka zipoe kabisa, akanikataza kutwanga laini. Tangawizi akanipimia kipande kama ukucha. Nilipokuwa mjini baadaye niliona watu wanaitia kahawa iliki, karafuu na mdalasini mpaka inakuwa pilau. Maji yalipochemka nikatia kahawa, ikapanda, nikaepua, ikashuka. Mara tatu. Nikataka kuirudisha mara ya nne, akanigongea kiambaza. Nikalifunika dele, nikalitia mchirizi wa maji baridi kama alivyosema, machicha yakazama chini, wala sikulitikisa.

Mwalimu alirudi, akasali alasiri, akakaa barazani. Mjomba wangu akakaa kando yake, akiwa amekwisha kula tende nne kwa ajili ya wasiwasi. Nikamimina.

Mwalimu hakupuliza. Alinusa kwanza, akaangalia vidole vyake kwa mazoea, akavuta funda. Akamaliza kikombe. Akanyoosha mkono, nikamimina cha pili. Akamaliza. Cha tatu akakinywa polepole, macho yamefumbwa, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Hakuuliza ni kitu gani. Nilianza kupumua.

"Buni hizi," akasema, macho bado yamefumbwa, "ni za marehemu mke wangu."

Mjomba akaacha kutafuna.

"Aliziweka kwenye chupa mwaka aliofariki. Nimeitafuta chupa hiyo kila pembe ya nyumba. Nimechimba mpaka chini ya mtungi. Kijana, nani kakupa?"

Mara hii kudanganya kungekuwa na faida, maana kusema kweli kulikuwa kumsaliti binti wa watu.

"Mikono ni yangu, Mwalimu," nikasema. "Maji ni yangu, makaa ni yangu. Buni uliza ndani."

Mwalimu akageuza uso kwenye mlango. "Wewe mtoto. Umenificha kahawa ya mama yako, umeniacha nanywa bamia?"

"Ungekwishaimaliza, baba," sauti ikajibu kutoka ndani. "Ungewapa kila anayekuja kukupa pole."

"Zimebaki?"

"Zimebaki."

"Nyingi?"

"Za kutosha mtu mwenye adabu."

"Ziko wapi?"

Kuku alipita barazani, akatoka.

"Nimekuuliza ziko wapi."

"Siku nitakayoolewa nitasema," akajibu. "Nitamwambia mume wangu, naye atakuwa anakukaangia kila ukitaka. Siyo kabla."

Mwalimu alitazama ndani ya kikombe chake, ambamo hamkuwa na kitu ila machicha kidogo. Aliyatazama muda mrefu, kama mtu anayesoma. Kisha akamgeukia mjomba wangu.

"Karatasi yako ya ruhusa, shehe, imebaki na siku ngapi?"

"Mbili, Mwalimu."

"Kesho Ijumaa. Tutafunga ndoa baada ya sala." Akaniangalia kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe mwenyewe huna maana kubwa, lakini hukuunguza."

Ijumaa tukafunga ndoa. Mama yangu alipika mikate kwa ule unga wa matanga yake, na waliouleta walikuja kuula. Jumamosi, jua halijatoka vizuri, nilisikia fimbo inagonga mlango wetu. Nikafungua. Baba mkwe alikuwa amesimama na kikombe chake mkononi, amekuja nacho kabisa. Mke wangu akanipitishia kisahani, viganja viwili, na mimi, bwana harusi wa usiku mmoja, nikachuchumaa uani nikaanza kuwasha makaa.

"Moto wako mkubwa," wakasema wote wawili.